Mgongo wa Mkwe

Tulipomzika mama kule Pito mwaka huu, aliyelia kuliko wote sikuwa mimi wala wadogo zangu. Alikuwa mume wangu Ladislaus, mtu mzima mwenye mvi kichwa kizima, seremala ambaye nimeishi naye miaka yote hii na machozi yake nimeyaona mara chache sana. Alilia kwa sauti mpaka wanaume wenzake wakamshika mikono asianguke. Wanawake waliokaa nyuma yangu mkekani wakaanza kunong'ona, nami masikio yangu bado ni mazima. "Huyu ni mtoto wa marehemu?" akauliza mmoja. "Wala, ni mkwe." "Mkwe gani anamlilia mama mkwe namna hii? Hata aibu haoni?" Nilitaka kugeuka niwape yao, lakini padri alikuwa ameshaanza sala. Sasa padri hayupo na mimi nina nafasi, kwa hiyo nitawajibu vizuri.

Kwanza mjue ukwe ulivyokuwa kwetu wakati naolewa. Mwanamume hakula sahani moja na mama mkwe wake, hakukaa naye benchi moja, hakumtazama usoni. Wakikutana njiani alipisha. Kumsalimu, alichuchumaa mbali, akapiga makofi taratibu, macho chini, na mama mkwe akaitikia ametazama pembeni kana kwamba anaongea na kuku. Naye mama mkwe hakulitamka jina la mkwe wake. Mama yangu alipotaka kujua habari za mume wangu aliniuliza, "Yule bwana wa kwako hajambo?" Siku hizi mkwe wangu mimi, mume wa binti yangu, akifika ananikumbatia mlangoni, anafungua sufuria na kuuliza leo kuna nini. Nampenda, lakini mara ya kwanza nusura nimpige na mwiko.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa kwanza wa ndoa yetu. Tulipanga chumba kimoja mjini, Kizwite, ukuta umepakwa chokaa, dirisha dogo la mbao linaloangalia shamba la mahindi la mwenye nyumba. Kitanda Ladislaus alikitengeneza mwenyewe, kikubwa mno, tukawa tunapita kiubavu kwenda kwenye jiko la mkaa pale pembeni. Chumba kilinukia maranda ya mbao na maharage. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, tumbo limeshanitangulia, na kila jioni tulikula ugali wa ulezi na dagaa huku tukibishana jina la mtoto. Ulikuwa msimu wa baridi, ule upepo wa Ufipa unaoingia hata kwenye tundu la ufunguo, kwa hiyo aliporudi kazini amejikunyata akisema kichwa kinamgonga, nilidhani ni baridi tu. Nikamkorogea uji, nikamfunika blanketi, nikamwambia seremala mzima anadeka kama mtoto mchanga.

Zahanati walimpa dawa za malaria, na hilo siwalaumu, maana homa ni homa. Lakini hakupata nafuu. Asubuhi moja niliweka sahani mbele yake nikaona haiinamii. Anautazama ukuta, mkono unaitafuta sahani kwa kupapasa. "Inama ule," nikamwambia. Akasema, "Shingo haikubali." Akaniomba nifunge dirisha kwa sababu mwanga unamchoma macho. Nilipofunga, akaanza kunieleza vipimo vya mlango wa mtu ambaye simjui, futi na inchi, kwa sauti ya upole kabisa, kisha akaniita kwa jina la dada yake. Hapo niliogopa. Nilitoka nje kichwa wazi, nikampigia kelele mwenye nyumba, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa hospitalini, Ladislaus amelazwa wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na ukuta, mkono mmoja umefungwa dripu.

Mama alifika kutoka Pito na kikapu kichwani. Hakuingia wodini, angeingiaje? Alikaa uani, kwenye kibanda ambako ndugu wa wagonjwa tulipikia, akaweka sufuria yake kwenye mafiga, na kazi yake ikawa kupika, kunilazimisha kula na kuuliza yule bwana wa kwako anaendeleaje. Kaka yake mkubwa Ladislaus, shemeji Desderi, naye alikuja. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mchele, anapanda na kushuka bondeni Muze kila wiki, mtu wa sauti nene aliyezoea kusikilizwa. Alimpenda mdogo wake, hilo niliseme mapema, maana nitakayoyasimulia yanaweza kuwafanya mmchukie, na hakustahili.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, mpole, sauti ya chini. Alimpima Ladislaus, akajaribu kumwinamisha kichwa, Ladislaus akapiga ukelele. Akatuita pembeni, mimi na shemeji. Akasema anahofia ni homa ya uti wa mgongo. Dawa ameshaanza kumpa, hakutaka kusubiri, lakini ugonjwa huo una aina zake na kila aina ina dawa yake. "Ili tujue ni ipi, lazima tumtoe maji kidogo ya mgongoni tuyapime." Shemeji Desderi alimtazama yule kijana kama mtu aliyetukanwa. "Maji ya mgongo? Daktari, wewe unataka kuniulia ndugu yangu."

Msimcheke. Nilipotoka uani kutafuta hewa, nilisikia maneno hayo hayo kibandani. Mama mmoja aliyekuwa akisonga ugali, hajui kwamba niko nyuma yake, alikuwa anamwambia mwenzake: "Ukisikia wametaja maji ya mgongo, wewe anza kutafuta sanda. Shemeji yangu walimtoa asubuhi, jioni tukaanza kulia." Mwenzake akaongeza, "Na asiyekufa anapooza miguu. Au anaharibika akili." Nilishika nguzo ya kibanda. Mtoto tumboni akageuka, nikajiona nimeshakuwa mjane na kumtupia mama mtoto wa kulea. Niwaambie ukweli, katika maisha yangu yote sijawahi kuogopa tena kiasi kile, hata siku ya kujifungua.

Mama naye alikuwa amesikia. Aliacha mwiko, akajifunga kanga vizuri, akamfuata daktari kwenye kibaraza, akapiga magoti kama alivyozoea kusalimia wakubwa, ingawa kijana yule angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Daktari akaona haya, akachuchumaa naye. Wakazungumza wote wawili wako chini, mimi nimesimama na tumbo langu. "Hayo maji mkiyatoa, yanarudi?" mama akauliza. "Yanarudi, mama. Mwili unayatengeneza kila siku, kama maziwa ya anayenyonyesha. Na tunatoa kidogo sana." "Sindano inaingia kwenye uti wenyewe? Ndio maana wanapooza?" Daktari akageuka akamwonyesha kwenye mgongo wake mwenyewe, chini kabisa, juu kidogo ya mkanda. "Tunachoma hapa. Huku chini uti wenyewe umeshakwisha, imebaki mishipa inayoelea majini. Tunaanza na sindano ya ganzi, hiyo inawasha kidogo, baada ya hapo anasikia tu kama anasukumwa." Mama akafikiri. "Basi mbona wanakufa?" Kijana yule hakukasirika. "Wanakufa kwa ugonjwa, mama. Wengi mnatuletea wamechelewa, tunapima, jioni wanafariki, basi lawama zinaangukia sindano."

Mama akanyanyuka, akapangusa magoti. Hakuniambia la kufanya. Daktari ndiye aliyenigeukia: "Wewe ndiye mke wake na yeye hajielewi. Unasemaje?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mtoeni." Shemeji Desderi alikuwa mlangoni, amesikia. "Ukimuua, Verediana, utajibu wewe," akasema, akaondoka zake akivuta miguu. Jamani, neno moja tu, "mtoeni," lakini nililitoa kama ninayeng'olewa jino.

Sasa ndipo yalipotokea yale niliyotaka kuwajibia wale wanawake. Muuguzi alikuwa mmoja tu mchana ule, mama mnene mwenye haraka. Akasema mgonjwa lazima alazwe ubavu, mgongo ukingoni mwa kitanda, magoti yakunjwe hadi tumboni na kidevu kifike kifuani, akunjike kama mtoto aliye tumboni, maana hapo ndipo mifupa ya mgongo inapoachana na sindano inapata njia. Na mtu amshike asinyooke. Yeye muuguzi alipaswa kumsaidia daktari na vichupa, kwa hiyo ndugu mmoja aje. Mimi nilijaribu kuinama, tumbo likagoma. Shemeji ameondoka. Wagonjwa wengine wamelala hoi. Muuguzi akamwona mama dirishani. "Wewe mama! Njoo umshike mwanao." Mama akasema, "Si mwanangu. Ni mkwe." "Ndiyo, njoo umshike mkweo." "Sista, hunielewi. Ni mkwe!" Muuguzi, aliyekuwa mtu wa mkoa mwingine, akaweka mikono kiunoni: "Mkwe ana miiba?"

Mama akaivuta kanga yake begani. Kisha akaingia. Aliingia wodi ya wanaume, mama yangu, akitembea kiubavu, macho kwenye dari. Alipofika kitandani alivua kanga ya begani, akaikunja, akajifunga machoni akakaza fundo kisogoni. Muuguzi akaangua kicheko. "Makubwa haya! Sasa unaona nini?" "Sihitaji kuona," mama akasema. "Niwekeeni mikono panapotakiwa." Nikamshika mikono, mmoja nikauweka nyuma ya shingo ya mume wangu, mwingine nyuma ya magoti yake, na mama akamkunja akamkumbatia kwa nguvu za mtu aliyelima maisha yake yote. Shati la Ladislaus likapandishwa, mgongo wote ukawa wazi mbele ya wodi nzima.

Nilisimama upande wa daktari na niliona kila kitu, na nitawaeleza kwa sababu kutojua ndiko kunakoua moyo. Alinawa, akavaa mipira ya mikono, akapapasa uti kwa kidole gumba mpaka akapata mahali pake. Akapaka dawa ya baridi, Ladislaus akashtuka. Akachoma ganzi. Ladislaus, ambaye tangu asubuhi alikuwa anajirusha na kuongea na milango yake, akaguna na kutaka kujinyoosha. Mama akasema, sauti imepita ndani ya kanga, "Tulia, mkwe. Ni mimi." Wee! Sijui ile sauti ilimfikia wapi huko alikokuwa. Mume wangu aliganda. Hakutikisa hata kidole. Homa ilikuwa imemchukua akili lakini adabu ilikuwa imebaki, na huwezi kujirusha mikononi mwa mama mkwe. Daktari akaingiza sindano ndefu taratibu, akasimama, akaisukuma tena kidogo, akachomoa waya wa ndani, na maji yakaanza kudondoka, tone, tone, kwenye vichupa alivyoshika muuguzi. Hakuna kilichoruka, hakuna damu iliyomwagika. Muda wote ule haukuzidi wa kuchemsha chai. Akachomoa, akabandika plasta ndogo, akasema, "Sijapata mgonjwa aliyetulia namna hii." Mama bado alikuwa amemkumbatia. Ilibidi nimgonge begani nimwambie imekwisha.

Maji yenyewe yanatakiwa yawe maangavu kama ya bomba. Ya Ladislaus yalikuwa na ukungu, kama maji uliyooshea mchele. Daktari aliinua kichupa dirishani akanionyesha. "Huyu ndiye adui," akasema, na nikashangaa kwamba nilijisikia vizuri. Tangu mume wangu aanze kuumwa, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu aliniambia adui ni yupi. Walipoyapima wakajua dawa inayofaa, wakaendelea na sindano asubuhi na jioni, na haikuchukua siku nyingi homa ikaanza kushuka. Niliingia na uji nikamkuta ananitazama. "Vere," akasema, jina langu sahihi, "kwa nini mama mkwe alikuwa ananinyonga?" Nilicheka mpaka uji ukamwagika, kisha nikalia, kisha nikacheka tena.

Mngedhani yameishia hapo. Kesho yake akaanza kushika kichwa na kulia kwamba kinapasuka, kibaya kuliko mwanzo, na kutapika akatapika. Shemeji Desderi akafika siku hiyo hiyo, akamkuta amekaa kitandani amejishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilisema!" akanguruma. "Sikusema? Mmemtoboa, sasa ubongo unavuja." Alikuwa na pikapu ya mchele imesimama nje. Akasema anamchukua sasa hivi, anashuka naye Muze, kuna mzee wa dawa za miti anayemwamini. Akaanza kukusanya blanketi letu, sahani, kikombe. Mimi nikashika upande wa pili wa blanketi, tukawa tunavutana kama watoto. Nilijua kitu kimoja tu: dripu ile ikichomolewa kabla dawa haijamaliza kazi, tunakwenda kumzika bondeni. Na nilikuwa nimeanza kuchoka kuvuta.

Daktari aliitwa akaja mbio. Hakubishana na shemeji. Alimwendea Ladislaus akamlaza chali. "Sasa kinauma?" Ladislaus akavuta pumzi. "Kimepungua. Kimeisha." Akamwinua. "Sasa?" "Yesu wangu, kimerudi!" Akamlaza tena, kikaisha. Daktari akamgeukia shemeji: "Umeona? Ugonjwa ungekuwa umerudi kingeuma hata amelala, na homa ingepanda. Hiki ni kichwa cha sindano. Pale tulipotoboa panavujisha maji kidogo, akiinuka kichwa kinavuta. Kinawapata baadhi ya watu, hata wasiofanya kosa lolote, na kinaisha chenyewe. Anywe maji mengi, kahawa, alale. Lakini huyu halali. Nilimwambia alale. Nani anamwinua?"

Tukatazamana. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mcheshi aliyekatwa kidole cha mguu, ndiye aliyejibu. "Anajiinua mwenyewe, daktari. Kila yule mama mkwe akipita dirishani na sufuria, huyu bwana anakurupuka, anachuchumaa kitandani, anapiga makofi. Asubuhi tu ameshamsalimu mara nne. Na huyo mama akipita kwenda kuchota maji, tena. Akipita kurudi, tena." Wodi nzima ikacheka. Ladislaus akafumba macho. "Amenishika mgongo wazi," akasema kwa sauti ndogo. "Nisipomsalimu nitakuwa mtu gani?"

Kumbe mama alikuwa pale pale chini ya dirisha. Alisikia. Safari hii hakuvaa kanga machoni. Aliingia wodini akasimama kati ya kitanda na shemeji Desderi, akamtazama mkwe wake usoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Ladislaus," akasema, na jina lile kinywani mwake lilinisisimua mwili mzima. "Salamu zako zote nimezipokea. Za leo, za kesho, mpaka mtoto atakapozaliwa. Ukiinua kichwa hicho tena kunisalimu umenitukana. Umenisikia?" "Nimesikia, mama." "Lala." Akalala. Kisha akamgeukia shemeji, akapiga goti moja. "Baba, nakuomba. Wewe ni kaka, una haki yako. Lakini mpe siku mbili za kulala kimya. Kichwa kisipoacha, mimi mwenyewe nitakusaidia kumpakia kwenye gari." Shemeji alibaki ameshika kikombe chetu cha bati. "Mama, ninaogopa," akasema, lijitu lile, machozi yakamtoka. "Ni mdogo wangu pekee." Mama akasema, "Najua. Sote tunaogopa. Rudisha kikombe." Akakirudisha.

Ladislaus alilala. Nilimnywesha kahawa chungu kwa mrija nilioomba kwa muuguzi, na kila mama alipopita dirishani alipita ameinama, asionekane, sufuria kichwani, goti moja bovu. Siku ya pili jioni daktari akamwambia akae. Akakaa. Tukasubiri, mimi, shemeji, yule mzee wa kidole, tumekodoa macho kama tunasubiri kuku atage. Ladislaus akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akainama akatazama miguu yake. "Hakiumi," akasema. "Nina njaa." Shemeji Desderi akatoka nje akapiga honi ya pikapu mpaka mlinzi akamfuata kumkanya. Sikio moja la Ladislaus lilibaki zito, mpaka leo ninalazimika kukaa upande wa kulia nikitaka kumgombeza. Bei hiyo niliilipa kwa furaha, na ningelipa zaidi.

Dawa zilipokwisha na nguvu zikamrudia, tulikwenda Pito kumshukuru mama. Alikuwa amepika ugali wa ulezi na kuku mzima. Mume wangu alifika uani akachuchumaa pale mbali, kwenye kona ya ghala, akapiga makofi, macho chini, yote kama inavyotakiwa. Mama akaitikia. Nikampakulia Ladislaus chakula chake, nikampelekea huko huko aliko, na mama akakaa na sahani yake mlangoni kwake, uwanja mzima katikati yao. Tukaanza kula. Kisha mama akainuka. Alibeba sahani yake, akavuka uwanja, akaketi chini mbele ya mkwe wake, akachukua paja la kuku kutoka sahani yake akaliweka kwenye sahani ya Ladislaus. Ladislaus akabaki na tonge mkononi, hajui alitie mdomoni au akimbie. "Kula, mwanangu," mama akasema. "Nimeshakushika." Akala.